Tarumbeta la Mpira wa Maji

Mwezi uliopita nilikwenda Tunduma kutafuta vitenge vya harusi ya binti wa dada yangu, na miguu yenyewe ikanipeleka mpaka pale ulipokuwa ukumbi wa dansi. Ukumbi haupo. Pana ghala la saruji, na kibarazani vijana wamepanga makava ya simu na chaja. Nikasimama natazama ule ukuta kama mtu anayesubiri kufunguliwa mlango. Kijana mmoja akaniuliza, "Mama, umepotea?" Nikamwambia sijapotea, natazama mahali baba yangu alipokuwa akipiga jazi. Akacheka, bila ubaya, akasema, "Jazi hapa, mama? Hapa ni mpakani. Watu wanakuja na mizigo wanaondoka na mizigo. Jazi ilikuwa Dar huko."

Nikaondoka, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya gari la Vwawa. Lakini njia nzima nilibishana naye moyoni, na mpaka leo sijamaliza kubishana. Ndiyo maana nimekaa na hili daftari. Kuandika si kazi yangu, rafiki yangu. Shule niliachia darasa la tano, na nikiandika ulimi hutoka nje wenyewe kama wa mtoto anayechora. Utanivumilia nikizunguka. Mimi nikitaka kueleza habari ya ng'ombe lazima nipitie kwanza kwenye nyasi.

Kwanza tuelewane kuhusu jazi. Nasikia Wazungu wana jazi yao ya kukaa kwenye viti na kusikiliza macho yamefumbwa. Ya kwetu ilikuwa ya kusimama. Magitaa matatu, la solo, la rizimu na la besi, tumba, drams, na matarumbeta mbele yakiwajibu waimbaji. Bendi yenye vitu hivyo iliitwa jazi, na aliyepiga humo aliitwa mwanajazi, hata kama kazi yake ilikuwa kutikisa manyanga tu.

Kwetu ni Igamba, Mbozi, kwenye kahawa. Siku hizo Songwe haijawa mkoa, tulikuwa watu wa Mbeya. Nazungumzia miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, duka likawa na sabuni za kunukia na kila mtu akaota kufanya biashara. Mimi nilikuwa na miaka tisa au kumi. Mama alisema nilizaliwa mwaka wa panzi, nami sijui panzi walikuja lini.

Asubuhi ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba, unamsikia mtu anakohoa na humwoni. Msimu wa kahawa nyumba nzima ilinuka maji ya kahawa iliyovundikwa, harufu chachu kama togwa iliyosahauliwa. Vidole vyetu vilikuwa vyeusi kwa utomvu mpaka mvua zinaanza. Na nikuambie siri ya watu wa kahawa: kahawa hatukunywa. Tulikunywa chai ya majani, kwa viazi vitamu au kwa makande ya jana yaliyopashwa moto.

Nyumba ilikuwa ya bibi, mama yake baba. Alikuwa mkunga. Nusu ya watu wa Igamba mikono ya kwanza kuwagusa duniani ilikuwa yake, na kwa sababu hiyo hakumwogopa mtu, maana alishawaona wote walivyokuja. Alikuwa na msemo wake: kitu cha mtu mpe angali na mikono ya kupokea. Aliusema kwa kila jambo, hata kwa kiporo.

Baba alijifunza tarumbeta kanisani. Kanisa letu lilikuwa na kundi la matarumbeta, vijana saba au wanane, waliopiga alfajiri ya Pasaka na kwenye mazishi. Sana sana mazishi. Ulikuwapo wimbo mmoja wa kushushia jeneza, haukupigwa popote pengine. Mtu wa huku akiusikia ng'ambo ya bonde haulizi nani kafa. Anapima unga kwenye beseni, anajitwisha, jina la marehemu atalijua mbele ya safari. Na unga wa msiba kwetu haurudi nyumbani. Ukishautoa mlangoni kwako, umeutoa.

Huo wimbo baba ndiye aliyeushika. Bibi alihudhuria mazishi yaliyomhusu na yasiyomhusu ili amsikilize mwanawe, na akirudi anavua viatu anasema, "Siku yangu nitashushwa hivyo hivyo. Sitaki mwingine anipulizie." Alisema kama mtu anayeagiza sukari dukani. Katika maisha yake sikumsikia akimwomba baba kitu kingine.

Basi ushirika wa kahawa ukaanzisha bendi, na baba akaingia. Vyombo vilikuwa vya ushirika, na hapo ndipo penye jambo la wanajazi ambalo watu hawalijui. Mwanajazi hana chombo. Mkulima ana jembe lake, seremala ana randa yake, lakini mpiga gitaa anapiga gitaa la mwenye bendi, na siku wakikosana anarudi nyumbani na vidole vyake tu. Katika tarumbeta zima baba alimiliki kile kidomo cha chuma cha kupulizia, kidogo kama kikombe cha kupimia dawa. Alitembea nacho mfukoni mwa shati, kimefungwa kwenye kitambaa. Akikaa, hata akisubiri chai, anakitoa anapuliza kavu kavu, brrr, brrr. Mama alikuwa akiwaambia wageni kwamba yeye ameolewa na nyuki.

Mazoezi walifanya ghalani mchana, juu ya magunia, sisi tukiwa nje tunamenya kahawa kwenye mashine za mkono. Mpiga tumba alikuwa jirani yetu, mwanamume mfupi, mtani wa kila mtu. Alichukua mwendo kwenye mashine zetu: tunazungusha mpini, inakwenda kacha-kacha, kacha-kacha, naye anaingilia humo humo. Tukichoka tukapunguza, anatoa kichwa dirishani, "Nyie, mnaniharibia wimbo, menyeni." Hakuna aliyemenya kahawa nyingi kama sisi mwaka ule. Jumapili alasiri walipiga dansi uwanjani, na kila mtu aliruhusiwa. Akina mama walicheza na watoto mgongoni, watoto wamelala huku wanachezeshwa. Nikifumba macho naona vumbi jekundu likipanda mpaka magotini mwa watu.

Kanisa halikupenda. Dansi ilikuwa inakula ibada ya jioni. Jumapili moja likasomwa jina la baba kwamba ametengwa. Kama hujui kutengwa, nikueleze. Hushiriki Meza ya Bwana, huimbi kwaya, na unakaa benchi la nyuma karibu na mlango, pamoja na waliozaa kabla ya ndoa na waliokutwa na kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi inayonywewa kwa mrija. Na hupigi tarumbeta kwenye mazishi ya mtu. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma bibi. Mzee wa kanisa alikuja mpaka uani kwetu kulieleza. Akamwambia baba, "Mdomo unaopuliza kwenye dansi hauwezi kupuliza kwenye kaburi la Mkristo."

Baba akamjibu, "Mdomo ninao mmoja, mzee. Huo huo nakulia ugali, huo huo nasalia."

Wengine wakitengwa huacha kuja. Baba alikuja kila Jumapili, amechomekea shati, na kwa kuwa alinyimwa kwaya akaimba kule kule nyuma, sauti ya tatu, kwa nguvu, mpaka watu wa mbele wakawa wanageuza shingo. Baadaye akasomwa jirani mpiga tumba. Halafu wa besi. Msimu mwingine wa kahawa ulipofika, wazuri wa kuimba walikuwa wamehamia mlangoni, na kwaya kule mbele ikawa inawafuata wao.

Halafu ushirika ukafa. Ulivyokufa sikueleweshi, maana sikuelewa, na wazee walioelewa hawakukubaliana. Ninachojua ni kwamba walikuja wanunuzi binafsi na magari yao, kahawa ikawa inanunuliwa barabarani, ghala likapigwa kufuli, na vyombo vikauzwa. Lori lilikuja asubuhi, na wapakiaji wakawa wanajazi wenyewe. Baba alilibeba tarumbeta likiwa ndani ya sanduku lake, akalipandisha. Jirani akajipangusa mikono akasema, "Leo tumewasindikiza wake zetu kwa bwana mwingine." Walicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha, na nadhani hata wao hawakukiona.

Aliyevinunua alikuwa tajiri mmoja wa Tunduma mwenye ukumbi. Wanajazi wangefanya nini? Walifuata vyombo. Baba akawa anaondoka Jumatatu anarudi Ijumaa, mfukoni ana kidomo chake, mkononi ana kipande cha sabuni au kilo ya sukari ya ng'ambo, na mdomoni ana maneno ya Kibemba aliyoyapata sokoni.

Mara moja alinichukua. Tunduma ile, rafiki yangu! Malori yamepangana yanasubiri kuvuka kwenda Zambia mpaka huoni mwisho wake, wabadilisha pesa wameketi kwenye vigoda kama wauza nyanya, harufu ya dizeli na samaki wakavu na mihogo ya kukaanga. Wanawake wa ng'ambo walinisalimia, "Mulishani, bamayo," yaani mama, na mimi mtoto wa miaka kumi nikatembea siku nzima nimebenua kifua. Lakini ukumbini niliona jambo nisilolipenda. Tajiri alikuwa na kabati la chuma. Kabla ya dansi ya mchana wanajazi walisimama mstari, naye akafungua kufuli akawagawia vyombo mmoja mmoja, kama mwalimu anavyogawa madaftari. Baba yangu, mtu wa watoto watano, alipokea tarumbeta kwa mikono miwili akasema ahsante. Kisha akapanda jukwaani akalipuliza, na madereva waliokuwa wanabishana habari za ushuru wakanyamaza wakageuka. Lile tarumbeta lilikuwa halijui habari za kufuli.

Mwaka uliofuata bibi akaugua kifua. Ilikuwa katikati ya msimu, kahawa imeiva yote kwa pamoja, na sisi tunakimbia kati ya kitanda chake na miti. Akapona nusu. Siku alipoweza kukaa akamwita baba. Nilikuwepo, namkanda miguu.

"Siku yangu ikifika utanipigia?"

"Hawataniruhusu, mama."

"Na tarumbeta lenyewe?"

"Liko kabatini kwa tajiri."

Bibi akatafuna midomo yake. Akasema, "Kwa hiyo siku hiyo mimi nimelala sisikii. Mwenye haki ya kunipigia amekatazwa. Na hata asingekatazwa, hana cha kupigia. Mazishi gani hayo? Nataka kuusikia wimbo wangu sasa. Nikiwa nimekaa."

Mama akaacha kufagia. "Mama, hayo ni kukiita kifo."

"Kifo kinanijua kwa jina," bibi akasema. "Hakisubiri kuitwa."

Baba alikwenda Tunduma kumwomba tajiri tarumbeta kwa siku moja tu. Alirudi bila. Tajiri alimwambia vyombo havitoki ukumbini. Baba akasema ni kwa ajili ya mama yake. Tajiri akamjibu, "Leo mama yako, kesho mama wa mpiga besi. Kila mtu ana mama." Baba alitusimulia hayo akiwa anavua viatu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, ila kamba ya kiatu aliivuta ikakatika.

Jumamosi asubuhi tulikuwa tunaosha kahawa. Maji yalitoka pipani kwa mpira mweusi, mgumu, urefu wake kama hatua tano za mtu mzima. Baba ndiye aliyeushika. Nikamwona anautazama. Akaukung'uta maji yakaisha, akatoa kidomo mfukoni, akakivisha kwenye ncha ya mpira, akakaza kwa utepe wa tairi la baiskeli. Ncha ya pili akachomeka faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Akavuta pumzi, akapuliza.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya ndama aliyepotezana na mama yake. Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Jirani akatokeza kwenye ua, "Wewe, umeoa chatu?" Baba hakucheka. Akaukunja mpira begani kama kamba, akapuliza tena, akatafuta. Tarumbeta lina vitufe vitatu vya kukusaidia. Mpira hauna kitufe, una midomo yako na pumzi zako tu. Sauti nyingine zimo, nyingine hazimo kabisa, unazipita kama mtu anayeruka ngazi iliyovunjika. Lakini ikatoka nzito, laini, sauti ambayo hata lile la tajiri halikuwa nayo. Jirani akaacha utani. Akaenda kuchukua debe.

Bibi akatolewa nje. Alidai avalishwe kwanza: kitambaa cheupe cha kanisani kichwani, gauni la Krismasi, viatu. Kiti chake kikawekwa katikati ya vichanja vya kahawa, jua la saa nne linampiga usoni. Akaniambia, "Kaa hapa unishike mkono. Nikisinzia, nifinye."

Baba akaanza ule wimbo.

Sasa sisi kwa akili zetu tulidhani ni jambo la nyumbani. Hakuna aliyekumbuka kwamba wimbo ule una bonde zima linalousikiliza. Haukuisha ubeti wa kwanza tukaanza kuona mabeseni. Yanapanda kutoka mtoni, yanatokea kwenye migomba, yanakuja na njia ya shule, meupe kwa unga, na chini ya kila beseni mtu mwenye uso wa msiba. Mama mmoja wa ng'ambo ya mto alianza kulia tangu chini kwenye miti, "Mama weee, umetuacha na nani," akaingia uani na kilio chake, akakutana na bibi uso kwa uso. Kilio akakiacha katikati.

"Endelea, mwanangu," bibi akamwambia. "Ulikuwa unalia vizuri. Nami nataka kusikia."

Yule mama akakaa chini na beseni lake. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, yale yale aliyokuwa ameyaandaa.

Watu wakajaa. Wengine walikasirika, sikufichi. Mzee mmoja alisema ameacha kahawa yake juani na itapasuka, na kwamba mtu akipigiwa wimbo ule afe kama watu wote. Lakini hakuondoka. Na wa mwisho kupanda kilima alikuwa mzee wa kanisa, koti jeusi, kitabu cha nyimbo kwapani. Watu wakampisha. Akaangalia mpira wa maji, akaangalia faneli, akauliza, "Nani amefariki?"

"Mimi," bibi akasema. "Bado kidogo."

"Mama, huu ni wimbo wa kaburini. Si wa kuchezea."

"Nimeuchezea wapi? Si nimevaa viatu?"

"Na huyu anayepiga ametengwa."

"Mmemtenga kanisani. Hapa ni uani kwangu."

Watu wakaguna. Yule mzee akasogea karibu akainama. Nilikuwa nimeshika mkono wa bibi, nikasikia kila neno, na nitamtendea haki: hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba. "Mama, sikiliza. Ukiendelea, jina lako litasomwa kesho. Siku yako kengele haitalia, na makaburi ya kanisa hutayalala. Miaka yako yote ya kanisa, mama. Kwa ajili ya mpira wa maji?"

Wewe wa leo unaweza kuliona jambo dogo. Kwa bibi, kuzikwa bila kengele kulikuwa kuzikwa kama mnyama aliyekutwa barabarani. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mti, na katika maisha yake alikuwa ameisikia ikilia kwa wazazi wake, kwa mume wake, na kwa watoto wake wawili. Vidole vyake vikavikaza vyangu. Nikadhani atasema basi.

Akasema, "Mwanangu, wewe nilikupokea mimi. Ulitanguliza miguu, nusura umuue mama yako. Mpaka leo unatanguliza miguu."

Watu wakaangua kicheko, na hata yeye mzee, midomo ilimcheza. Bibi akangoja kicheko kiishe. Kisha akasema polepole, "Kengele yenu msiilize. Siku hiyo sitakuwa na masikio. Leo ninayo." Akamgeukia baba. "Tulifika ubeti wa ngapi?"

"Wa pili, mama."

"Rudi wa kwanza. Huyu alituingilia."

Baba akarudi wa kwanza. Palipofika ile sauti ambayo mpira haukuwa nayo, akaacha pengo, na watu wakalijaza kwa midomo yao. Hawakupangwa. Wimbo wanaujua, pengo wanalisikia, wakaingia. Pengo jingine, wakaingia tena, wengi zaidi, akina mama wa mabeseni, mpiga besi, yule wa kahawa yake juani. Vidole vya bibi vikalegea. Jirani akaanza kugusa debe kwa ncha za vidole, mama yangu naye, ambaye alikuwa ameogopa tangu asubuhi, akashika mpini wa mashine ya kumenyea, tupu, haina hata punje, akaizungusha. Kacha-kacha, kacha-kacha. Na ubeti wa tatu haukuwa wa mazishi tena. Ilikuwa jazi. Bibi aliniachia mkono akasimama. Hakucheza sana, kifua hakikumruhusu. Aliyumba tu mahali pamoja, viatu vyake vya kanisani vikisaga udongo, macho yamefunguka.

Mzee wa kanisa alisimama mpaka mwisho. Kama alikuwa anakariri majina au alikuwa anasikiliza, mimi sijui. Ule unga haukuweza kurudi, kwa hiyo ukapikwa wote. Tulikula ugali na maharage na matembele mpaka jioni, kwenye msiba ambao mfiwa na marehemu walikula sahani moja. Mzee naye alipewa sahani. Alikula.

Kesho yake majina yakasomwa, la bibi likiwa la kwanza, na yalikuwa mengi hadi msomaji akaomba maji. Ilibidi waongeze mabenchi mlangoni. Bibi alikaa huko kati ya baba na jirani, na alikaa huko miaka mitatu, maana baada ya kuzikwa kwake kule uani akapata nafuu ya ajabu, akarudi hata kuchuma kahawa.

Alikufa masika, usingizini. Baba aliitwa kutoka Tunduma akafika jioni ya kabla ya mazishi, mikono mitupu. Kengele haikulia. Tulimchimbia shambani, kati ya miti ya kahawa aliyoipanda mwenyewe, na watu walikuja na unga wao kwa kuambiwa kwa mdomo, mlango kwa mlango. Mzee wa kanisa na wenzake wawili nao walikuja, wakasimama pembeni kuhakikisha hapigi mtu tarumbeta. Jirani akamnong'oneza baba, "Nikaulete mpira?"

Baba akatikisa kichwa. "Wa nini? Mwenyewe alishausikia."

Akachukua koleo. Tulimzika kimya, mvua inagonga majani ya kahawa, na sijaona ukimya usio na aibu kama ule. Wale wazee walikuja kuzuia muziki, wakakosa muziki wa kuzuia. Walisimama na miavuli yao hawajui watazame wapi.

Nisikuchoshe kwa yaliyofuata. Ukumbini Tunduma ikaja disko, kisha akaja kijana mmoja na kinanda cha umeme akafanya kazi ya watu sita, na tajiri akawaambia wanajazi asanteni. Mpiga solo alivuka Zambia, akarudi akiwa utingo wa lori. Wa besi akalima. Jirani yetu alitengeneza madebe ya kuchotea maji mpaka ndoo za plastiki zilipomfukuza sokoni. Baba aliendelea kupiga kwenye harusi za watu kwa tarumbeta la kuazima, mpaka meno ya mbele yalipong'oka. Mpiga tarumbeta bila meno ya mbele ni sawa na mlango bila bawaba.

Na kanisa letu sasa lina drams. Lina gitaa la besi na kinanda na maspika yanayotikisa vioo, na vijana wanaruka mbele ya madhabahu kuliko tulivyoruka uwanjani. Siwasemi, wanapendeza. Ila hakuna aliyekuja nyumbani kwetu kusema kanisa lilikosea.

Alikuja mchungaji mmoja, kijana mpole, baba akiwa mgonjwa tayari. Akakaa kwenye kigoda akafungua daftari. "Mzee, tunataka kukurudisha kundini. Ni maneno machache tu. Unasimama mbele ya kanisa, unasema umetubu habari ya jazi, basi."

Baba akaliangalia lile daftari. Akasema, "Mchungaji, dhambi ninazo. Nilimdanganya mke wangu. Nilimpiga mtu ngumi kwa ajili ya mpaka wa shamba. Tunduma nilikunywa. Andika zote, nitasimama nitubu mpaka miguu iniishie. Hiyo ya jazi ifute. Mama yangu aliisikia akafurahi, na mimi siwezi kutubu furaha ya mama yangu."

Mchungaji akafunga daftari. Tulimzika baba pembeni mwa bibi, mchana kweupe, bila kengele.

Miti ile ya kahawa tumeing'oa, tumepanda parachichi. Ghala la ushirika halina paa. Na bendi ile, rafiki yangu, haikurekodiwa hata wimbo mmoja, watu wa redio hawakufika kwetu, picha sina. Nyimbo zao zimebaki mbili, zimo kooni mwangu, na koo langu ni baya, maneno mengine nimeyasahau nimetia yangu. Naziimba hivyo hivyo nikichambua maharage, kwa nguvu, na wajukuu wakiniambia, "Bibi, punguza sauti," sipunguzi.